Nyayo za kaboni, na maana ya kuzisawazisha

Chukua gunia moja la mkaa. Moshi unaouona jikoni ni sehemu tu ya habari yake. Kabla mkaa haujafika kwako kuna mti uliokatwa, pengine bila kupandwa mwingine. Kuna tanuri lililofuka porini siku kadhaa likitoa hewa ukaa na methani. Kuna dizeli ya lori. Jumlisha gesi joto zote hizo, yaani gesi zinazozuia joto angani, tangu shoka hadi majivu, nawe umepata nyayo za kaboni za gunia hilo. Hesabu hufanywa kwa tani za hewa ukaa, na gesi nyingine hugeuzwa kwanza: tani 1 ya methani, joto inaloongeza likipimwa kwa miaka 100, huhesabiwa karibu tani 28 za hewa ukaa.

Wazo la "nyayo" lilitokana na kazi ya William Rees na Mathis Wackernagel nchini Kanada, miaka ya 1990. Lakini walioipigia debe nyayo ya kaboni ya mtu mmoja mmoja, katika miaka ya 2000, ni kampuni ya mafuta ya BP, iliyowapa watu kikokotoo wajipime. Muuza petroli kumwuliza mnunuzi amechafua kiasi gani! Watafiti wa leo hutazama zaidi mnyororo mzima wa bidhaa, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu sehemu kubwa ya nyayo za kampuni ya mafuta hutokea kwenye injini za wateja wake.

Kusawazisha kaboni ni hesabu nyingine. Unachotoa angani kilingane na kinachoondolewa, au na unachomlipa mwingine asikitoe. Pale Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, yaani wakilipwa kwa hewa ukaa ambayo mikoko hiyo huizuia isibaki angani, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Kaboni nyingi ya mikoko haiko kwenye miti. Iko kwenye tope, chini ya mizizi.

Swali linalowakuna vichwa watafiti ni hili: msitu uliolipiwa ungekatwa kweli kama fedha zisingekuja? Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 uliangalia miradi 26 ya misitu katika nchi sita, ukakuta mingi haikupunguza ukataji kwa kiwango cha maana. Halafu kuna suala la muda. Sehemu ya hewa ukaa ya safari ya ndege hubaki angani karne nyingi, ilhali mti uliolipiwa waweza kuungua mwakani. Kwa hiyo wengi sasa wanataka kampuni ipunguze kwanza inachotoa yenyewe, na kulipia kuondolewa kwa kile tu kilichoshindikana kupunguzwa.