Je, wajua kwa nini feni ya kompyuta huvuma ukisikiliza muziki? Muziki wenyewe hauna hatia

Kwa karibu mwezi mzima nilisikiliza muziki wenye sauti ya bati, nikiamini kwamba naiokoa kompyuta yangu. Ni kompyuta mpakato ya mtumba, prosesa ya nyuzi nne (yaani inashika kazi nne kwa wakati mmoja), feni ndogo yenye kelele kubwa. Kila nilipofungua programu ya kusikilizia muziki wa mtandaoni, ambayo sitaitaja jina, feni ilivuma kama jenereta la harusini. Nikafungua Task Manager, kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha kila programu inakula nguvu kiasi gani, nikakuta programu hiyo inapanda na kushuka kati ya asilimia 20 na 30 ya prosesa, wimbo baada ya wimbo.

Hesabu yangu ikawa fupi. Muziki wenye ubora mkubwa ni mzito, muziki mzito unaichosha prosesa, basi nipunguze ubora. Nikashuka kutoka kilobiti 320 kwa sekunde hadi 96. Matoazi yakawa kama mtu anakaanga dagaa. Asilimia zikabaki palepale.

Kibaya zaidi, nilimshauri binamu yangu afanye vivyo hivyo, naye akanishukuru. Kusema haki, shukrani zake zilikuwa na msingi, ila si ule niliompa mimi. Saa moja ya muziki wa kilobiti 320 hula takriban megabaiti 144 za bando, na ya kilobiti 96 hula kama 43. Bando lake lilidumu. Prosesa yake haikuhisi chochote.

Dhana hii inavutia kwa sababu inaonekana haina pa kupingwa. Programu imeandikwa ili ipige muziki, kwa hiyo nguvu inayotumika lazima iwe inakwenda kwenye muziki. Ni sawa na kudhani kwamba gharama kubwa ya harusi ni cheti cha ndoa. Cheti ndicho kiini cha shughuli nzima, ndiyo, lakini muulize baba wa bwana harusi pesa zimekwenda wapi.

Tuanze na hicho cheti. Wimbo unaotoka mtandaoni huja umebanwa, mara nyingi kwa mfumo wa Ogg Vorbis au AAC, na kazi ya prosesa ni kuufumua uwe namba. Kwa muziki wa kiwango cha kawaida, kile cha CD, ni namba 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto na nyingine 44,100 kwa ya kulia, jumla 88,200. Zinaonekana nyingi mpaka uzipeleke mbele ya prosesa ya gigahezi 3, ambayo kila kiini chake kina midundo bilioni 3 kwa sekunde. Ukigawanya, kila namba moja ya sauti ina midundo zaidi ya 34,000 inayoisubiri. Haihitaji hata robo ya robo yake.

Historia nayo inashuhudia hilo. Jina la MP3 lilichaguliwa mwaka 1995, na Winamp, programu ya kupigia muziki, ilipotoka mwaka 1997 watu walipigia nyimbo kwenye kompyuta za Pentium ambazo leo hazishindani hata na simu ya bei ya chini. iPod ya kwanza ya 2001 ilikuwa na viini viwili vidogo vya megahezi 90 tu, na Apple iliahidi saa kumi za muziki kwa chaji moja. Kama kufumua wimbo kungekuwa kazi ya kuchemsha prosesa, kifaa kile kingewaunguza watu mapajani.

Na hapa ndipo nilipokosea mara mbili. Sikukosea kipimo tu, nilikosea hata upande. Muziki usiopunguzwa ubora kabisa, kama ule wa mfumo wa FLAC, kwa kawaida ni mwepesi kuufumua, kwa sababu hesabu zake ni za moja kwa moja. Mifumo inayobana zaidi ndiyo inayodai hesabu ndefu. Faili nene si lazima liwe kazi nene. Nadhani lugha ndiyo iliyonichezea: tukisema wimbo "mzito" tunawaza mgongo wa mchukuzi, wakati uzito wake uko kwenye bando na kwenye diski.

Zaidi ya hayo, kazi ya sauti ina tabia nzuri. Prosesa haifumui wimbo tone kwa tone huku spika ikisubiri. Inajaza mtungi kwanza, kisha inasinzia, na spika inachota humo taratibu. Mtungi ukikaribia kuisha, prosesa inaamka, inajaza, inarudi kulala. Prosesa inayopata nafasi ya kulala haipati joto.

Sasa twende kwenye pilau na mapambo. Programu nyingi za muziki za kompyuta, ukiacha sehemu inayoshughulika na sauti, ni kivinjari kilichofichwa ndani ya dirisha lisilo na sehemu ya kuandika anwani. Programu ya Spotify hutumia Chromium Embedded Framework, mradi ulioanza mwaka 2008 wa kupachika injini ya kivinjari cha Chromium ndani ya programu nyingine. Wengine hutumia Electron, iliyozaliwa mwaka 2013 kwa wazo linalokaribiana na hilo. Ndiyo maana kwenye Task Manager unakuta jina moja la programu limejirudia mara tano au sita. Usidhani ni virusi, kama nilivyodhani siku ya kwanza. Vivinjari vya kisasa hugawa kazi: mmoja anasimamia, mwingine anapanga ukurasa, mwingine anashughulika na picha, na kuendelea.

Kivinjari kazi yake ni kuchora. Skrini yangu ina pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, 1366 kwa 768, yaani zaidi ya milioni moja. Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Dirisha likijaza skrini na likalazimika kuchorwa lote kila mara, hizo ni pikseli kama milioni 63 kwa sekunde, dhidi ya namba 88,200 za sauti. Picha ina kazi zaidi ya mara 700 kwa idadi tu, na kila pikseli inaweza kuchanganywa rangi mara kadhaa kabla ya kukamilika.

Mfikirie fundi wa kuchora mabango. Umemkodi achore bango la duka, na juu yake kuna saa ya ukutani iliyochorwa. Kila dakika ikisogea unataka mshale wa saa usogee. Fundi mwenye akili hafuti bango zima. Anafuta pale penye mshale, anachora upya, anakaa. Kivinjari nacho kinajua ujanja huo: kinaweka alama mahali palipobadilika na kugusa hapo tu.

Lakini nyuma ya ule mshale kuna picha ya jalada la albamu iliyotiwa ukungu, juu yake kuna kivuli, na juu ya kivuli kuna maneno yanayopanda taratibu wimbo ukiendelea. Sasa fundi hawezi kugusa sehemu moja bila kuharibu jirani. Hapo anabadilisha mbinu: anachora kila kitu kwenye kioo chake, jalada kioo kimoja, maneno kioo kingine, mshale kioo cha tatu, kisha anavipanga kimoja juu ya kingine. Maneno yakipanda, anasukuma kioo cha maneno tu. Kazi ya kusukuma na kupanga vioo ndiyo inayoachiwa kadi ya picha, ambayo imezaliwa kwa ajili hiyo na inaifanya bila jasho.

Tatizo linaanza pale kadi ya picha inapokosekana. Draiva, yaani programu inayoiunganisha kadi na kompyuta, ikiwa ya zamani au mbovu, Chromium inaweza kuiweka kadi kwenye orodha ya zisizoaminika na kuachana nayo. Au mtu alizima mwenyewe, kwenye mipangilio, kipengele cha kuongeza kasi kwa maunzi (hardware acceleration), kinachoipa kadi ya picha kazi hiyo. Vioo havitoweki. Vinarudi mikononi mwa prosesa, ambayo inaifanya kazi ya kadi ya picha kwa programu tu. Ni kazi ya kuheshimika sana, lakini ni sawa na kumwambia mhasibu abebe magunia. Atayabeba. Atavuma tu.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi kitu kinachosababisha kinavyoweza kuwa kidogo. Machi 2017 iligundulika kwamba Visual Studio Code, programu ya Microsoft ya kuandikia kodi, iliyojengwa juu ya Electron, ilikuwa ikitumia kama asilimia 13 ya prosesa bila mtu kufanya chochote. Mkosaji alikuwa kishale kinachopepesa mahali pa kuandika. Kinapepesa mara mbili kwa sekunde, lakini kwa namna kilivyoandikwa, kivinjari cha ndani kiliamka mara 60 kwa sekunde kuuliza kama kuna jipya. Mara 58 jibu lilikuwa hapana. Fundi anaamshwa, anapanda ngazi, anatazama saa, anakuta mshale uko palepale, anashuka. Kilichomchosha ni ngazi.

Ukirudi kwenye programu ya muziki, hesabu vitu vinavyopepesa: mstari wa muda unaosogea, vijiti vitatu vinavyochezacheza kando ya wimbo unaopigwa, jina refu linalopita kama treni, pengine video fupi inayojirudia badala ya jalada.

Kipimo ni rahisi hadi kinakera. Shusha dirisha chini, muziki uendelee, subiri nusu dakika, kisha tazama asilimia. Kivinjari hakichori dirisha lisiloonekana. Kwangu ilishuka kutoka 27 hadi 2 huku wimbo haujakatika. Mwezi mzima wa sauti ya dagaa, na jibu lilikuwa kitufe kile cha kistari pembeni ya dirisha.

Asilimia ikishuka hivyo, tatizo ni uchoraji: sasisha draiva ya kadi ya picha, hakikisha kuongeza kasi kwa maunzi kumewashwa, zima video na maneno ya wimbo. Wengi mtandaoni hushauri kukizima kipengele hicho, na sisemi wanadanganya. Kuna draiva mbovu kiasi kwamba prosesa peke yake ina nafuu. Jaribu pande zote mbili, ukifunga programu kabisa kila unapobadilisha, na uamini namba za kompyuta yako kuliko maneno yangu.

Isiposhuka, tafuta kwingine. Programu inaweza kuwa inakagua folda la nyimbo zako ambalo kwa bahati mbaya umelielekeza kwenye diski nzima, au antivairasi inapekua kila kipande cha wimbo kinachohifadhiwa, ingawa hapo asilimia zitaonekana kwa jina la antivairasi. Programu nayo huweza kuchanganyikiwa katika kazi zake za ndani. Novemba 2016 Spotify ilitoa marekebisho baada ya watumiaji kulalamika kwamba inaandika data nyingi mno kwenye diski zao hata wasiposikiliza chochote. Huko nako muziki haukuwa na hatia.

Tazama pia umbo la namba. Kwa prosesa ya nyuzi nne kwenye Windows, uzi mmoja uliokwama ukizunguka palepale huonekana kama asilimia 25 hivi, bila kupanda wala kushuka sana. Yangu ilikuwa inayumba, na kuyumba mara nyingi ni dalili ya kuchora. Hiyo si sheria, ni dokezo. Na usilinganishe na rafiki mwenye Mac bila kuuliza, kwa sababu Activity Monitor, Task Manager ya Mac, huhesabu asilimia 100 kwa kila kiini: tatizo lilelile lako la 25 kwake litasomeka 100, nanyi mtabishana bure.

Nina deni moja kwa dhana yangu ya zamani. Yapo mazingira ambamo sauti yenyewe kweli hula prosesa. Kompyuta nyingi huja na vikolezo vya sauti vya mtengenezaji, vya kuongeza besi au kuigiza ukumbi wa sinema, na vikikorofisha utaona audiodg.exe, sehemu ya Windows inayoshughulikia sauti, ndiyo iliyo juu ya orodha ya Task Manager, wala si programu ya muziki. Vizime kwenye mipangilio ya spika. Lakini hata hapo, kupunguza kilobiti hakusaidii, kwa sababu vikolezo hupokea namba zikiwa zimeshafumuliwa.

Kwangu ilikuwa draiva, ya miaka sita iliyopita. Nimeisasisha, nimerudi kilobiti 320, na feni imenyamaza kiasi kwamba nasikia friji ya jirani. Binamu nimempigia simu kumweleza habari ya fundi na vioo vyake. Amesikiliza hadi mwisho, kisha akasema yeye anabaki kwenye 96. Bando lake halijui pikseli.