Usalama wa umati uwanjani: maana yake kwa shabiki wa Nairobi

Usalama wa umati ni mpangilio wa mageti, njia, tiketi na wahudumu unaohakikisha kwamba kila aliyeingia kutazama mechi anatoka akiwa mzima. Watu wengi hapa Nairobi hudhani maana yake ni polisi wengi. La. Ni suala la haki kwanza: Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtu uhai na usalama wake, na ulinzi huo haukomi mtu anapopita getini Kasarani.

Wengi wanaokufa katika mikasa ya viwanjani hufa wakiwa wamesimama. Watu wakizidi watano hivi katika mita moja ya mraba, huwezi tena kuchagua uelekee wapi; miili inakubeba. Kifua kikibanwa mbele na nyuma hakiwezi kupanuka, na dakika chache tu zinatosha kumkata mtu pumzi. Walio nyuma hawayaoni ya mbele, kwa hivyo wanazidi kusukuma bila nia mbaya yoyote. Katika uwanja wa Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989, watu 97 walipoteza maisha kwa namna hiyo, na kwa miaka mingi lawama zikawekewa mashabiki. Ni mwaka 2016 ndipo jopo la mahakama lilipowaondolea lawama hizo na kuamua kwamba waliuawa kwa uzembe.

Sisi tunayajua haya. Oktoba 2010, watu 7 walikufa uwanjani Nyayo, siku Gor Mahia ilipocheza na AFC Leopards. Januari 2022, Yaoundé, Kameruni, watu 8 walikufa nje ya uwanja wa Olembe. Geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, mashabiki wasio na tiketi walipojipenyeza Kasarani, shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilipunguza idadi ya watazamaji hadi 27,000. Wengi walikasirika, lakini mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi: idadi salama haitegemei viti tu, inategemea mageti yanaweza kuingiza na kutoa watu wangapi.

Kisha kuna vitoa machozi, na hapa ndipo penye uchungu zaidi kwetu. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi hiyo viwanjani, kwa sababu iliyo wazi: watu hukimbilia milango yote kwa pamoja. Accra, Ghana, mwaka 2001, watu 126 walikufa baada ya polisi kuifyatua. Kanjuruhan, Indonesia, mwaka 2022, 135. Hata hivyo, Oktoba 2025 polisi walifyatua risasi na vitoa machozi Kasarani, kwa waombolezaji waliofika kuutazama mwili wa Raila Odinga, na kuna waliouawa.

Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, 2027, na uwanja wa Talanta karibu na Ngong Road umepangiwa watu 60,000. Kabla ya tiketi kuuzwa, waandalizi watuambie milango ya dharura ni mingapi, nani anashika funguo zake, ambulensi zitapita wapi, na afisa gani ana mamlaka ya kuchelewesha mechi kuanza iwapo foleni ya nje bado ni ndefu. Hillsborough mechi haikucheleweshwa. Geti la kutokea lilifunguliwa, na umati ukaelekea moja kwa moja kwenye sehemu iliyokwisha kujaa.