Mwenye sistiki faibrosisi asiipuuze pua yake

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, baridi ya Juni na Julai, vumbi la kiangazi na moshi wa kuni huwaziba watu pua kila mwaka, na wengi hupona bila matatizo. Wapo wachache ambao mafua yao hayaishi kwa sababu chanzo chake ni cha kurithi, nao ni wagonjwa wa sistiki faibrosisi. Makala haya yanawahusu waliofikia utu uzima, pamoja na familia zinazowauguza.

Ugonjwa huu hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989, na humpata mtu aliyerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na pia kwa mama. Jeni hiyo husimamia upitaji wa chumvi na maji kwenye utando wa mwili. Inapoharibika, ute huwa mzito wa kunata na jasho huwa na chumvi kupita kawaida. Madhara yake kwenye mapafu na kongosho yanafahamika zaidi, lakini utando huo umetanda pia puani na ndani ya vyumba vya hewa vya mifupa ya uso, ndiyo maana karibu kila mgonjwa anapopigwa picha ya CT huonekana na kamasi nzito au uvimbe humo, hata kama hasikii maumivu yoyote.

Kutosikia maumivu kusimpe mtu amani. Bakteria aina ya Pseudomonas hujificha katika vyumba hivyo kisha hushuka mapafuni, kiasi kwamba hata mgonjwa aliyepandikizwa mapafu mapya anaweza kuambukizwa tena na bakteria waliobaki usoni mwake. Pua ikiziba pia huondoa uwezo wa kunusa, chakula hukosa ladha, na mtu ambaye tayari anahitaji kula zaidi ya wenzake huanza kukonda.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu pekee. Si kweli, kwani ipo hitilafu ya jeni hii, ambayo jina lake la kitaalamu ni 3120+1G>A, inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kifua kikuu, ambacho nacho huleta kikohozi kisichoisha, bado kipo kwetu na lazima kipimwe kwanza; hata hivyo, mtu mzima ambaye nyama za puani humrudia kila zinapoondolewa, na ambaye ametibiwa kifua kikuu mara kadhaa bila vimelea kuonekana kwenye makohozi, anastahili kufikiriwa kipimo cha chumvi ya jasho, hasa akiwa mwanamume asiyepata mtoto.

Msingi wa tiba ni kusafisha pua kwa maji ya chumvi kila siku, na hapa naomba umakini mkubwa. Maji ya bomba, ya kisima au ya mtoni yasiingizwe puani kabla ya kuchemshwa, kwa kuwa kuna amiba, adimu lakini ya kuua, inayopenya hadi kwenye ubongo kupitia pua. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Njombe na Makete ziko juu zaidi, hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Yaachwe yatokote kwa dakika 3 kamili, kisha yafunikwe mpaka yawe vuguvugu. Nusu lita hutiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kikiwa kimesawazishwa. Mgonjwa huinama juu ya beseni, hupumua kwa mdomo, na kusukuma maji taratibu kwa chupa laini au bomba la sindano lisilo na sindano. Chombo hicho kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kukaushwa, maana Pseudomonas hustawi palipo na unyevu.

Dawa ya steroidi ya kupulizia puani, inayopunguza uvimbe, hutumiwa baada ya kusafisha, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa dukani yasizidi siku 5, la sivyo pua huziba zaidi. Antibayotiki zichaguliwe kwa kuotesha usaha maabara. Upasuaji wa pua kwa kutumia kamera ndogo husaidia, ingawa nyama huweza kuota tena, na kabla yake damu ipimwe uwezo wa kuganda, kwa kuwa kongosho likidhoofika vitamini K hupungua. Dawa mpya zinazorekebisha kazi ya CFTR, kama ile ya mchanganyiko wa viambato vitatu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, zimepunguza sana shida za pua kwa wanaozipata; lakini hutegemea aina ya hitilafu, na bei yake ni kubwa mno. Kwa familia nyingi za huku, sufuria ya maji yaliyochemshwa vizuri na jiko lililohamishiwa nje ya chumba cha kulala ndivyo vilivyo mikononi mwao leo.

Jicho likivimba, mtu akianza kuona vitu viwili-viwili, au kichwa kikimuuma vikali pamoja na homa, asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.