CEAS: vidonda vya utumbo vinavyodhaniwa kuwa ugonjwa wa Crohn

CEAS ni ugonjwa adimu wa kurithi unaoleta vidonda visivyopona kwenye utumbo mwembamba. Chanzo ni hitilafu ya jeni iitwayo SLCO2A1, na huugua yule aliyerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama pia. Madaktari wa Japani walivieleza vidonda hivi tangu miaka ya 1960, ila jeni yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 2015.

Jeni hiyo hutengeneza protini inayoingiza prostaglandini ndani ya seli. Prostaglandini ni kemikali ambazo, pamoja na kazi nyingine, hulinda ukuta wa utumbo. Mpangilio wake ukivurugika, vidonda huzuka. Dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni nazo huvuruga kemikali hizohizo, na vidonda vyake hufanana mno na vya CEAS. Kwa hiyo kabla ya lolote, daktari aulize mgonjwa anameza nini.

Ugonjwa wa Crohn, mmoja wa magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo, ni habari nyingine. Huko kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia utumbo. Mara nyingi hukaa mwishoni mwa utumbo mwembamba, vidonda huchimba kwa kina na kufuata urefu wa utumbo, hata kutoboa njia za usaha. Vya CEAS ni vifupi kwa kina, kingo zake zimekatika wazi, vimezunguka utumbo au kukaa mshazari, na kwa kawaida huiacha ile sehemu ya mwisho. Ndiyo maana kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, ambayo kwa kawaida huishia hapo, yaweza kurudi na majibu safi huku mgonjwa anazidi kuishiwa damu.

Mimi ningeanza kushuku hapo kwenye damu. Himoglobini, yaani kiwango cha damu, iko chini; albumini, protini ya damu, iko chini, kwa sababu vyote vinavuja polepole kwa miaka. Lakini CRP, kipimo cha uvimbe mwilini, imepanda kidogo tu. Crohn iliyochachamaa kiasi hicho kwa kawaida ingeipandisha sana. Tazama vidole pia: baadhi ya wagonjwa, hasa wanaume, huwa na ncha nene zenye kucha zilizobinuka, na ngozi ya paji la uso iliyokunjamana. Hata hivyo wengi wa wagonjwa ni wanawake.

Kukosea hapa kunaumiza. Steroidi na dawa za kushusha kinga mara nyingi hazisaidii CEAS, na madhara yake mgonjwa anayabeba bure. Anachohitaji ni madini ya chuma, lishe ya kufidia protini, na upasuaji pale utumbo unapobana, ingawa vidonda huweza kurudi. Kipimo cha jeni ndicho kinachomaliza ubishi. Kikithibitisha, kila ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi nakala zote mbili mbovu; mwenye upungufu wa damu usioeleweka apimwe naye.