MEWAKA kwa mwalimu wa biashara: maana yake, na winga wa Kariakoo anaingiaje

Mwambie mwalimu yeyote wa sekondari hapa Dar es Salaam kwamba wiki ijayo ana mafunzo, atakuuliza mambo mawili: ni wapi, na posho ipo? Simlaumu. Nafundisha biashara, na swali hilo nimeliuliza mara nyingi tu. Ila linaonyesha tulivyozoea kuyachukulia mafunzo kazini, kama shughuli ya siku mbili. Kuna ukumbi, kuna chai ya saa nne na sambusa, kuna picha ya pamoja, basi. Jumatatu unarudi darasani na maandalio ya somo yaleyale ya mwaka juzi.

Dhana yenyewe ni pana kuliko hapo. Kwa Kiswahili cha wizarani inaitwa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na kifupi chake, MEWAKA, shuleni kimeshazoeleka. Neno la kushika hapo ni "endelevu". Mwalimu hamalizi kujifunza siku anayovuliwa joho. Anaendelea kidogokidogo akiwa kazini, akianzia kwenye matatizo ya darasa lake mwenyewe. Wizara ya Elimu iliandaa mwongozo wa kitaifa wa mafunzo haya mwaka 2020, na Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani TET, ndiyo yenye jukumu la kuyaratibu. Sehemu kubwa inatakiwa kufanyika shuleni penyewe, kwenye jumuiya za kujifunza: walimu wa somo moja au masomo yanayokaribiana wanakaa pamoja, wanachagua mada inayowasumbua, wanaandaa kipindi, mmoja anaingia kufundisha wenzake wakikaa nyuma ya darasa, kisha wanarudi kujadili kilichotokea. Kuna vituo vya walimu kwa mikutano ya shule kadhaa, na kuna mfumo wa TET wa mtandaoni ambao mwalimu anaweza kuufungua kwa simu yake usiku akiwa nyumbani. Posho haimo kwenye maana ya neno.

Sasa, mwalimu wa biashara ana shida ambayo mwenzake wa hisabati hana. Kanuni ya Pythagoras ya leo ndiyo ya mwaka jana na ndiyo ya enzi za babu. Biashara inaoza. Chukua mwalimu aliyehitimu chuo mwaka 2007. Alifundishwa njia za malipo: fedha taslimu, hundi, hawala ya posta. Mwaka uliofuata M-Pesa ikaingia Tanzania. Leo mwalimu huyo, kama hakuna aliyemgusa tangu hapo, anasimama mbele ya watoto hamsini na kuwachorea hundi ubaoni, mistari miwili ya kukatiza na sehemu ya sahihi, wakati hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishika hundi, na mama zao jana jioni wamelipia mkaa kwa lipa namba. Hundi haijafa, na mtihani unaweza kuiuliza. Lakini mtoto anaondoka akiamini kwamba biashara ya darasani na biashara ya mtaani ni vitu viwili visivyojuana.

Hapo ndipo linaponiingia neno "masoko", na naomba nilikalie kidogo kwa sababu linapotosha. Mwanafunzi akisikia "elimu ya masoko" anawaza soko la Buguruni, Tandale au Mabibo, na nyanya kwenye matenga. Ofisini, afisa masoko hafanyi kazi sokoni. Masoko kwa maana hiyo ni kazi nzima ya kujua mtu anahitaji nini, kumtafutia au kumtengenezea kitu hicho, kukipangia bei, kukifikisha mahali atakapokipata, na kumfanya akifahamu na kukiamini kiasi cha kutoa hela yake. Kuuza ni kipande cha mwisho tu. Mwaka 1960 profesa Mmarekani, E. Jerome McCarthy, aliyapanga hayo katika mafungu manne ambayo yanafundishwa mpaka leo: bidhaa, bei, mahali na utangazaji. Ukimsikia mwanafunzi wa sekondari anayakariri kwa kasi kama jedwali la kuzidisha, mwulize bei inahusiana vipi na mahali. Wengi hunyamaza.

Marekani masoko ni somo linalojitegemea katika shule nyingi za sekondari, na historia yake ni ndefu. Sheria ya mwaka 1936 ilitenga fedha za serikali kuu kwa elimu ya usambazaji wa bidhaa, ambayo wakati huo iliwalenga watu waliokuwa tayari wanafanya kazi madukani. Mwaka 1946 ikaanzishwa DECA, chama cha wanafunzi wa fani hiyo, ambacho mpaka leo huwashindanisha: mwanafunzi anapewa tatizo la biashara, anajiandaa kwa dakika chache, kisha anakaa mbele ya mwamuzi, mara nyingi mtu aliye kwenye biashara yake, na kumshawishi. Shule nyingi zina duka linaloendeshwa na wanafunzi wenyewe kama sehemu ya somo. Na mwalimu, katika majimbo mengi, haruhusiwi kuhuisha leseni yake bila kuonyesha saa alizotumia kujiendeleza. Hilo la mwisho hutajwa haraka tukizungumzia wenzetu, lakini ndilo linalolishikilia somo lisizeeke.

Kwetu, kwa kawaida masoko si somo lenye jina lake sekondari. Yamekaa ndani ya somo la biashara pamoja na uhifadhi wa bidhaa, bima, benki na kodi. Elimu ya biashara yenyewe si ngeni: Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kipo hapa mjini tangu 1965, na baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 baadhi ya sekondari zilipewa mchepuo wa biashara kama nyingine zilivyopewa kilimo au ufundi. Kilichobadilika juzi ni uzito. Sera ya elimu ilipitiwa upya ikatoka toleo la 2023, mitaala mipya ikaanza kutumika kwa awamu kuanzia 2024, na katika sekondari ya kawaida elimu ya biashara imewekwa kwenye masomo ya lazima. Shule iliyokuwa na mwalimu mmoja wa biashara anayefundisha wachache waliochagua, sasa inatakiwa imfikie kila mtoto wa kidato cha kwanza. Vipindi vitamwangukia nani? Mara nyingine mwalimu wa jiografia aliyesoma uchumi kidogo. Huyo ndiye anayehitaji MEWAKA kuliko mimi.

Nieleze jinsi jumuiya ya kujifunza inavyofanya kazi kwa kisa kimoja, maana maelezo matupu hayasaidii.

Tulikuwa walimu wanne, na mada iliyotushinda ni wafanyabiashara wa kati: wakala, dalali, muuza jumla, muuza rejareja. Wanafunzi wanaandika ufafanuzi wa wakala kwa Kiingereza safi, neno kwa neno kama tulivyowapa. Siku moja mwenzetu akamwuliza binti wa kidato cha pili kaka yake anafanya kazi gani. Akajibu, "Hana kazi, mwalimu. Ni winga tu."

Winga. Kwa asiyeijua Kariakoo, winga ni kijana asiye na duka wala mzigo. Anasimama Mtaa wa Kongo au Msimbazi, anakudaka, "sista unatafuta nini nikupeleke", anakuingiza kwenye duka la tatu ghorofani ambalo peke yako usingelipata. Viatu dukani ni 18,000, yeye anakuambia 22,000, na hiyo 4,000 ndiyo cha juu chake. Siku hizi winga wengine hawasimami mtaani kabisa. Wanapita madukani asubuhi wanapiga picha, wanazitupia kwenye stetasi ya WhatsApp, mteja wa Mwanza anatuma hela, winga ananunua, anafunga, anampa bodaboda, mzigo unakwenda Mbezi kwenye kituo cha Magufuli na kupanda basi la usiku.

Tukakaa nalo kwenye chumba cha walimu karibu saa nzima. Je, huyu ni wakala? Wakala hufanya kazi kwa niaba ya mwenye mali na hulipwa kamisheni waliyokubaliana. Mwenye duka hana mkataba na winga, na mara nyingine hajui mteja kaambiwa bei gani. Basi ni dalali? Dalali hukutanisha pande mbili na haishiki mali. Lakini yule wa stetasi anainunua kweli, hata kama inakuwa yake kwa dakika ishirini tu. Basi ni muuza rejareja asiye na rafu? Na mteja wa Mwanza akifungua boksi akakuta kiatu kimoja namba 39 na kingine 41, hasara ni ya nani? Hapo mwenzetu wa jiografia, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kitu nilichokiandika kwenye daftari: winga hauzi viatu, anauza kujua viatu viko wapi na kuaminika kwamba atavituma.

Kipindi tulichokiandaa baada ya hapo hakikuanza na ufafanuzi. Kilianza na zile 4,000. Mwanafunzi apewe bei ya dukani na bei aliyolipa mteja, kisha aseme hiyo tofauti imelipia nini. Nilikaa dawati la nyuma kabisa nikimwangalia mwenzangu anafundisha, na nikaona kosa letu: alieleza winga mwenyewe kwa dakika kumi wakati nusu ya darasa walimjua kuliko yeye. Mara ya pili, darasa jingine, akawaacha wao waeleze. Ufafanuzi wa wakala na dalali ukaja dakika ya ishirini na tano, na safari hii uliwakuta wakiutafuta.

Hiyo ndiyo MEWAKA ikifanya kazi. Haikugharimu chochote zaidi ya vipindi viwili na mate ya kubishana.

Kuna atakayesema Baraza la Mitihani halitauliza winga. Kweli. Lakini aliyembishania winga hawezi kuchanganya wakala na dalali kwenye karatasi ya mtihani, na hilo huulizwa.

Yanayokwamisha ni mengi, nitagusa mawili. Mafunzo kwa kupokezana, ambapo wachache wanafundishwa taifani, wanawafundisha wa mkoa, nao wa wilaya, mpaka yafike shuleni, ni kama chai inayoongezwa maji kila inapopita mlango. Ikifika kwako ina rangi tu. Na miradi mikubwa ya mafunzo kazini kwa sekondari imeelekezwa zaidi kwenye hisabati, sayansi na Kiingereza. Naelewa sababu. Lakini usililazimishe somo kwa kila mtoto kisha mwalimu wake umwache mwisho wa foleni. Niliwahi kuitwa semina moja ambayo mwezeshaji alisoma slaidi tangu asubuhi mpaka saa tisa, na mfano wake wa tangazo la biashara ulikuwa kipeperushi cha karatasi. Nje ya dirisha kijana alikuwa anauza mitumba laivu kwa simu iliyofungwa kwenye kijiti.

Kuhusu mbele, nadhani mwalimu wa masoko atatakiwa ajue mambo ambayo hakuna chuo kilichomfundisha. Tangazo la sabuni la Kiswahili kizuri linaandikwa na akili unde kwa sekunde chache, hivyo kumpa mwanafunzi kazi ya "andika tangazo" peke yake hakupimi kitu tena. Kazi inahamia kwenye kulihukumu: linamlenga nani, linaahidi nini, ahadi hiyo inathibitishika? Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na "orijino" inayobandikwa kwenye kila feki pale mjini ni somo tosha la kipindi kizima. Kadhalika, wanafunzi wakikusanya namba za simu za wateja wa kantini ya shule ili wawatumie ofa, wamegusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwalimu asipoijua hiyo atawasifia kwa ubunifu.

Ningekuwa na kauli, kila mwalimu wa biashara wa mkoa huu angepewa siku mbili kwa muhula akae kwenye biashara ya mtu: duka la jumla, wakala wa mabasi, kiwanda kidogo cha maji. Asikae kama mgeni wa heshima. Apange boksi, ajibu simu za wateja, aone bei inavyopangwa na kupangwa tena kabla ya saa sita.

Kwa sasa tunatumia tulicho nacho. Mada ya jumuiya yetu ya mwezi ujao ni "bei njoo inboksi", ile tabia ya kuweka picha ya bidhaa bila bei. Mwenzangu mmoja anasema ni kumkimbiza mteja. Mimi naona muuzaji anamficha mshindani bei na kumpata mteja kwa mazungumzo, na anapata nafasi ya kujua kama anaongea na mtu wa jumla au wa rejareja. Tumekubaliana kuanza kwa kumhoji mama anayetuuzia chapati getini. Yeye bei yake ameiandika kwa chaki nyeupe kwenye ukuta wa shule, na amegoma kuifuta hata mkuu wa shule alipomwomba.