Ngazi yangu au ya watoto?

Nikisema tu nafanya kazi ya saikolojia hapa Dodoma naulizwa swali lile lile, eti nani ana hali mbaya zaidi kiakili, wanawake au wanaume, vijana au wazee? Watu wanataka jibu la mpira, nani kafunga nani. Mi nawaambia ngoja kwanza, umeulizaje, na umeuliza mwezi gani.

Ndiyo, mwezi. Huku mvua ni msimu mmoja tu, inaanza kama Desemba inakata Aprili, sasa mkulima wa Bahi au Chamwino ukimkuta mwezi wa pili akiba imeisha, mahindi ya dukani yamepanda na bado anapalilia, halafu unamuuliza wiki mbili hizi umejisikia mchangamfu? Rudi Julai mtama umeshaingia ndani, mtu yule yule, dodoso lile lile, utadhani umehama mkoa. Mlinganishe na mtumishi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, ambaye mshahara wake haujui mvua wala kiangazi, utatangaza tofauti ya mjini na kijijini kumbe sehemu yake ni kalenda tu. Na huyo mtumishi usimwonee wivu haraka, wapo waliohamia huku tangu serikali ilipotangaza kuhama 2016 na familia zikabaki Dar, Ijumaa ni kukimbilia treni ya SGR, Jumapili kurudi.

Sasa wanawake na wanaume. Duniani kote sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, inaonekana zaidi kwa wanawake, lakini wanaojiua wengi ni wanaume, zaidi ya mara mbili ya wanawake. Hayo mawili yalinichanganya sana zamani. Kupima sonona tunatumia dodoso la PHQ-9, maswali tisa, kila moja 0 mpaka 3, jumla 27, mtu akifika 10 hatumwachi aende hivi hivi. Kuna mzee mmoja kule Kongwa, nimemwamkia vizuri, nikauliza kuhusu huzuni, akanijibu “hapana mwanangu, mi nina presha tu.” Nikafika kwenye usingizi. Akasema hajalala vizuri tangu ng'ombe wafe na ukame. Hamu ya kula? Hana. Nguvu? Hana. Yaani huzuni 0, mwili mzima unalia. Mama wa umri wake angesema moja kwa moja “nina mawazo” na ningemwelewa, ila wanaume wengi ninaokutana nao wana presha, wana vidonda vya tumbo, au wanashinda kilabuni kwenye pombe, na dodoso haliulizi habari za kilabuni. Sisemi pengo ni la kutunga, mwanamke anayebeba maji, watoto na kipigo juu yake ana sababu zake za kweli kabisa. Nasema tu upande wa wanaume tunausoma kwa tochi mbovu.

Umri nao una hadithi yake. Nchi tajiri kama Marekani na Uingereza kuridhika na maisha kunashuka ukifika katikati ya miaka 40 na 50 halafu kunapanda uzeeni. Mwaka 2015 watafiti Steptoe, Deaton na Stone walionyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara mstari wa kuridhika umelala chini tu karibu umri wote. Mi sikushangaa, kule mzee anapanda akiwa na pensheni, huku wengi wanazeeka na jembe mkononi.

Kuna kipimo kingine kinaitwa ngazi ya Cantril, ndicho kinachotumika kupanga nchi kwa furaha: fikiria ngazi kutoka 0 mpaka 10, juu kabisa ni maisha bora unayoweza kuyapata, wewe umesimama wapi? Bibi mmoja wa Mvumi akaniuliza, “ngazi yangu au ya watoto?” Nikamwambia yako, bibi. Akacheka. “Yangu bila wao ndo ipi sasa?” Mmoja yuko chuo, mwingine karudi nyumbani hana kazi, kwa hiyo akataja 7, akafuta, akataja 3. Niliandika 5 na alama ya kuuliza pembeni, jioni kompyuta ikakataa alama ya kuuliza, ikabaki 5.