Je, wajua: kwa nini mpaka wa Norwei na Uswidi huulizwi pasipoti, ila nyama unaulizwa?

Ukitoka Strömstad upande wa Uswidi ukaelekea Oslo, unapita daraja la Svinesund, refu, juu ya mkono wa bahari, na ukishalimaliza uko Norwei. Hamna mtu wa uhamiaji anayekungoja wala foleni ya kugongewa muhuri. Ila mbele kidogo kuna forodha, na ofisa akikupungia mkono usimame anaweza akakwambia fungua buti, na humo hatafuti silaha na dawa za kulevya peke yake, anahesabu na kilo za nyama, jibini, kreti za bia. Sasa nchi mbili zinaelewana hivi, raia wao wanaingiliana kama majirani wa mtaa mmoja, kwa nini zikaguane nyama?

Wengi hapa wanateleza, hata waliokaa Ulaya miaka. Jibu la haraka unalolisikia ni kwamba nchi zote mbili ziko Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoleana ukaguzi wa pasipoti mipakani, kwa hiyo mpaka haupo, hao forodha wanasumbua watu tu. Mwingine atakwambia Norwei iko Umoja wa Ulaya kama wenzake. Haiko, na haijawahi kuwa. Wanorwei waliulizwa kwa kura mara mbili, 1972 na 1994, na mara zote mbili wakakataa, ile ya pili kwa asilimia 52.2. Waswidi walikuwa wamepiga kura yao wiki mbili tu kabla, mwezi uleule wa Novemba 1994, wakakubali kwa asilimia 52.3, na 1995 wakaingia. Yaani watu wanaosikilizana lugha bila mkalimani, waliulizwa swali lilelile karibu wakati mmoja, wakagawanyika kwa tofauti ndogo hivyo, na hadi leo maelfu ya malori yanaishi na matokeo yake.

Schengen nayo inabebeshwa mzigo usio wake. Schengen inahusu watu, haihusu bidhaa kabisa. Na hata kwa watu, hawa walitangulia: nchi za Nordiki, yaani Norwei, Uswidi na majirani zao wa kaskazini mwa Ulaya, zilishaondoleana pasipoti kwa raia wao miaka ya 1950, na soko la pamoja la ajira lilianza 1954, kwa hiyo Mswidi anayetaka kazi ya hoteli Oslo haombi kibali. Schengen ilipoanza kutumika kwao Machi 2001 ilikuta mambo hayo yameshazoeleka karibu nusu karne.

Chukulia nyumba mbili za ndugu wanaotumia ua mmoja. Watoto wanacheza, wanakula na kulala popote, hakuna anayeuliza. Lakini kila nyumba ina stoo yake ya chakula na ufunguo anao mwenye nyumba. Schengen ni ua, forodha ni stoo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilienda hatua zaidi, zikaunganisha stoo, mzigo ukishaingia kwa mmoja na ushuru ukalipwa unahesabika umeingia kwa wote. Uswidi iliunganisha stoo yake, Norwei ikabaki na ufunguo mkononi. Halafu kuna mkataba wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, wa tangu 1994, ambao unairuhusu Norwei kuuziana na wale wengine bidhaa nyingi za viwandani bila ushuru, kama ndugu anayepitisha vitu kwa jirani kwa makubaliano. Ila makubaliano hayo yaliacha nje sehemu kubwa ya kilimo. Ndo maana friji inapita vizuri kuliko kilichomo ndani yake.

Na kwa nini kilimo? Ukiitazama Norwei kwenye ramani utaona ni milima, misitu na mawe, ardhi inayolimwa ni kama asilimia 3 tu ya nchi. Mkulima wa huko ana ng'ombe wachache, shamba limebana kwenye mteremko pembeni ya maji, kiangazi kifupi, na wengine wako juu kabisa kaskazini ambako jua la baridi halichomozi wiki kadhaa. Ukiacha jibini na nyama za mashamba makubwa ya bara ziingie bure, huyo anafunga zizi, na akifunga kijiji nacho kinaondoka. Siasa za Norwei zimeamua kwa muda mrefu kwamba vijiji hivyo vibaki, kwa hiyo ushuru ukawekwa wa nguvu kweli: 2013 jibini ngumu kutoka nje ilipandishiwa hadi asilimia 277. Naona ni uamuzi wenye mantiki yake, ingawa anayeubeba ni mnunuzi wa kawaida dukani, na kodi za pombe na tumbaku zinamuongezea.

Mnunuzi naye akaona daraja. Strömstad ni wilaya ya watu 13,000 hivi, lakini pale Nordby, dakika chache kutoka Svinesund, kuna jengo la maduka la ukubwa wa jiji, na parking imejaa namba za Norwei. Watu wanatoka na bekoni kwa maboksi, soda kwa kreti, pipi za kupima kwa kilo, tumbaku ya kubana mdomoni. Siku ya fujo kuliko zote ni Alhamisi Kuu kabla ya Pasaka, kwa sababu Norwei ni sikukuu, maduka yamefungwa, wakati Uswidi ni siku ya kazi kama kawaida, basi familia nzima zinapakia gari asubuhi zinavuka. Mwaka 2019 Wanorwei walitumia karibu kroni bilioni 16 kwenye safari hizi za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Si kila kitu ni nafuu upande ule, kroni ya Norwei ikidhoofika faida inapungua sana, ila nyama na vinywaji ndo vinawavuta.

Machi 2020 korona ikafunga mpaka, Nordby ikawa kimya na maduka ya Norwei yakauza kuliko walivyozoea. Serikali ikaona hela zilizokuwa zinavuka, na ilikuwa tayari na kelele za wafanyabiashara wake, ikafuta kodi ya chokoleti na pipi kuanzia Januari 2021, na ya soda Julai mwaka huohuo. Ushuru wa jibini na nyama haukuguswa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi wanavyokagua. Mpaka wao una zaidi ya kilomita 1,600, mwingi ni msitu, kuujaza maofisa wa nchi zote mbili kungekula hela bure. Kwa mkataba wa 1959 waligawana vituo: sehemu nyingine Mnorwei anamalizia kazi ya Mswidi, kwingine Mswidi anafanya ya Mnorwei, na ofisa anaruhusiwa kufanya kazi hadi kilomita 15 ndani ya nchi ya mwenzake. Lori linasimama mara moja. Wakati wa Brexit, yaani Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, Waingereza waliutaja sana mpaka huu kama mfano kwa mpaka wao na Ireland, lakini hata huku kwa wenye kuaminiana hivi lori bado linasimama, kamera bado zinasoma namba za magari.

Kuaminiana huko kumejengwa taratibu. Mkataba wa mpaka wa 1751 uliwaachia Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini, wavuke na mifugo yao kufuata malisho. Kutoka 1814 hadi 1905 walikuwa na mfalme mmoja, na ni katika kipindi hicho Alfred Nobel, Mswidi, kwenye wosia wake wa 1895 alilipa bunge la Norwei kazi ya tuzo ya amani, ndo maana Wangari Maathai akaenda kuipokea Oslo 2004 badala ya Stockholm. Walipoachana 1905 hawakupigana. Chuma cha Kiruna, Uswidi, mpaka leo kinashuka kwa treni hadi bandari ya Narvik, Norwei, maana maji ya pale hayagandi.

Kwa unayeishi Norwei na kuvuka kununua: nyama na jibini kwa pamoja mwisho kilo 10 kwa mtu, na ukiwa nje chini ya saa 24 manunuzi yasizidi kroni 3,000, kutunza risiti kunasaidia. Na pasipoti beba pamoja na kadi ya ukaazi, kwa sababu ule uhuru wa kutembea bila pasipoti ni wa raia wa Nordiki, polisi akikusimamisha wewe atataka kuona.